Kuku Hawatagi? Anza na Maji, Dawa Baadaye

Mwenye kuku ishirini uani, awe Kisauni, Likoni au Mikindani hapa Mombasa, akiona mayai yamepungua mguu wa kwanza huwa ni wa kwenda agroveti. Hurudi na pakiti ya antibayotiki, akaikoroga majini siku tano, na mayai yakabaki pale pale. Mara nyingi ugonjwa haukuwapo. Mwambao una maadui wawili wa yai ambao wafugaji wa bara hawasumbuliwi nao sana: maji ya chumvi, na joto ambalo hata usiku halipoi. Kwa hivyo mpangilio wa kukagua ni huu: maji, joto, chakula, wadudu, kisha ugonjwa. Kuku wakianza kufa mpangilio huo unageuka juu chini. Hapo ruka moja kwa moja hadi sehemu ya kideri, ule ugonjwa wa virusi (Newcastle) unaoua kuku kwa mkupuo.

Hesabu zote zilizo hapa ni za kuku 20 wa kahawia wa kutaga, ndani ya banda la mita 3 kwa 2. Ukiwa na kuku kumi, gawa kwa mbili.

Daftari kwanza

Bila daftari huwezi kujua kama mayai yamepungua kweli au ni mawazo. Kila siku andika mambo manne: mayai, chakula, maji na kuku waliokufa. Kuku mzima hatagi kila siku ya Mungu, maana yai moja huchukua saa 24 hadi 26 kutengenezwa, kwa hivyo saa ya kutaga husogea mbele kidogo kidogo mpaka siku moja inarukwa. Kuku 20 wenye wiki 26 hadi 32, wakitoa mayai 17 au 18 kwa siku, wako vizuri mno. Wakishapita mwaka mmoja na nusu, 14 ni haki yao. Anayetarajia 20 kila siku atawatesa kuku kwa dawa bure.

Mayai yameshuka ghafla, siku mbili tatu tu

Kushuka kwa namna hii kuna sababu chache, na nyingi utazikagua kabla ya chai ya asubuhi. Je, maji yalikatika jana, au chombo kilipinduka? Umefungua gunia jipya, au umebadilisha aina ya chakula siku hiyo hiyo? Kuna mbwa aliyezunguka banda usiku, au mafundi wanaogonga mabati kwa jirani? Umeingiza kuku wageni?

Maji ndiyo yanayoongoza. Kuku aliyekosa maji mchana mmoja wa kaskazi anaweza kusimamisha kutaga siku kadhaa. Akikosa siku nzima au zaidi, huweza kuanza kunyonyoka manyoya, na hapo usimtarajie yai kwa wiki sita hadi nane. Kuku 20 wanahitaji lita 5 siku ya baridi kidogo ya kusi, na lita 8 hadi 10 siku kali za Februari na Machi. Pima unachotia asubuhi na kinachobaki jioni. Ukitia lita 10 na jioni kukabaki 6, usifurahi kwamba maji hayaishi. Kuna kitu kinawazuia kunywa.

Kitu hicho mara nyingi ni umoto wa maji yenyewe. Tangi jeusi lililo juu ya paa, na mpira uliotandazwa uani, hutoa maji ya moto kabisa kuanzia saa tano. Kuku huyagusa kwa mdomo na kuyaacha. Dawa yake ni ya kizamani: mtungi wa udongo. Jaza usiku, uweke kivulini, na adhuhuri wachotee humo. Badilisha maji ya vyombo saa sita na saa tisa, hata kama hayajaisha. Na usitie shubiri mwitu katika maji ya siku za joto. Uchungu huwapunguzia kunywa, na hivyo ule utagaji uliotaka kuuokoa unazidi kushuka.

Kama maji, chakula na utulivu viko sawa, kuku wanakula vizuri na wamechangamka, basi huenda mayai yanatagwa ila hayakufikii. Nenda kwenye sehemu ya wezi. Lakini wakiacha na chakula pia, wakajikunyata pembeni, huo ni ugonjwa.

Maganda mepesi, yenye mikwaruzo, au yai halina ganda kabisa

Hili ndilo lalamiko kubwa la Mombasa, na ndilo linalotibiwa vibaya kuliko yote. Watu hununua chokaa, wakaongeza, wakaongeza tena, na maganda yakabaki kama karatasi.

Tazama kwanza: ni mayai ya kuku wote, au yai moja moja kila siku? Likiwa moja tu lenye sura ile ile, ni la kuku mmoja mwenye kasoro au aliyezeeka. Mtafute, usiwabadilishie wote chakula. Tembe aliyeanza kutaga juzi naye huweza kutoa mayai laini mawili matatu ya mwanzo, halafu akatulia.

Yakiwa mengi, uliza maji yanatoka wapi. Visima vingi vya mjini na vya karibu na ufuo vina chumvi, na chumvi ndani ya maji ya kunywa huharibu ganda hata chakula kikiwa na kalsiamu ya kutosha. Inavuruga kazi ya tezi inayopaka ganda, ndiyo maana kuongeza chokaa hakusaidii. Onja. Ukisikia chumvi kwenye ulimi wako, maji hayo hayamfai kuku wa mayai kwa muda mrefu, ingawa kwa kufulia na kuoshea vyombo hayana neno. Kile kipimo kidogo cha mkononi cha chumvi ya maji nacho kinasaidia: kikisoma chini ya ppm 1,000 (miligramu kwa lita) hakuna wasiwasi, kati ya 1,000 na 3,000 utaanza kuona kinyesi cha majimaji na maganda kudhoofu, juu ya 3,000 tafuta maji mengine.

Majaribio ni rahisi. Wape kuku maji matamu tu kwa wiki tatu, yawe ya bomba, ya mvua, au ya mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni. Mtungi wa lita 20 unawatosha kuku 20 siku mbili, na hata ukiununua, gharama yake ni ndogo kuliko trei ya mayai yanayovunjika. Hesabu mayai yaliyopasuka katika wiki ya kwanza na ya tatu. Yakipungua, umepata jibu. Yasipopungua kwa baadhi ya kuku, usishangae, kwani waliokunywa maji ya chumvi tangu utoto wa kutaga wengine hawarudi sawasawa. Asiyeweza kupata maji matamu kila siku achanganye nusu kwa nusu, na msimu wa masika akinge maji ya paa kwenye pipa lenye kifuniko.

Angalia pia zile pakiti za vitamini za kupunguza makali ya joto. Nyingi zina chumvi ndani yake. Ukizikoroga kwenye maji ya kisima unatia chumvi juu ya chumvi.

Sababu ya pili ni joto lenyewe. Kuku hana jasho, hujipoza kwa kuhema. Akihema sana hupoteza hewa ya kaboni kutoka katika damu, na malighafi ya kutengenezea ganda hupungua. Hapo tena chokaa peke yake haimalizi kazi. Mpoze kuku kwanza.

Baada ya hayo mawili ndipo tuzungumze kalsiamu. Ganda moja lina kama gramu 2 za kalsiamu, na hujengwa zaidi usiku, wakati kuku yuko juu ya fito na hali kitu. Kwa hivyo unga laini wa asubuhi humfaa kidogo. Anahitaji vipande vya ukubwa wa punje ya mtama, milimita 2 hadi 4, vinavyokaa ndani ya firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha. Weka makombe yaliyopondwa katika chombo chake peke yake saa kumi jioni, kama gramu 100 kwa kuku 20, kila mmoja achukue anachotaka. Usiyachanganye kwenye chakula, kwa maana wasiotaga hawayahitaji na kalsiamu nyingi huwaumiza figo. Makombe ya kuokota yaoshwe kwa maji matamu mara mbili tatu, yaanikwe, ndipo yapondwe. Ndani ya hifadhi ya bahari usiokote, ni marufuku. Maganda ya mayai ya jikoni pia yanafaa, lakini yakaange kavu na uyasage mpaka yasitambulikane, usije ukawafundisha kula mayai.

Ganda likipauka au likikunjamana ghafla katika kundi zima, huku kuku wakikoroma au kupiga chafya, acha habari za maji na makombe. Huenda ni kideri au ugonjwa mwingine wa njia ya hewa.

Wanahema midomo wazi, mabawa yameanguka

Kuanzia kama nyuzi 30 kuku huanza kuhema, na Mombasa mchana wa Februari na Machi hufika 32 na 33, usiku ukibaki kwenye 24 au 25. Hapati muda wa kupumua vizuri. Kuku mzito, aliyeshiba saa sita, ndiye anayekufa kwanza, kwa sababu kusaga chakula huzalisha joto ndani ya mwili saa kadhaa baada ya kula. Wape theluthi ya chakula alfajiri kabla ya saa moja, theluthi mbili zilizobaki kuanzia saa kumi jioni. Kati ya saa nne na saa kumi ondoa vyombo vya chakula, acha maji tu.

Dharura ikitokea, usiwafukuze wala kuwashika wote kwa mkupuo, kwani purukushani huwaua. Mwaga maji juu ya paa. Aliyelegea mtumbukize miguu na tumbo katika ndoo ya maji ya kawaida, kichwa kikiwa nje, dakika moja mbili, kisha mlaze penye upepo. Kuwanyunyizia maji kwa bomba la manyunyu, kama wanavyofanya sehemu kavu, hapa hakuna faida kubwa. Hewa yetu imeshashiba unyevu, maji hayakauki juu ya manyoya, na maranda yanalowa bure. Kinachopoza kuku wa pwani ni upepo.

Ndiyo maana banda ni nusu ya tiba. Urefu wake uelekee mashariki na magharibi, ili jua lisiingie ubavuni. Pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, zijengwe kwa mawe sentimita 60 tu, juu yake wavu mtupu hadi paani. Kaskazi ikivuma au kusi ikivuma, inapita. Makuti hupoza kuliko mabati. Kama una mabati tayari, tandaza makuti juu yake au yapake chokaa nyeupe. Paa likiwa chini ya mita 2 upande wa chini, joto linakaa vichwani mwa kuku. Wengi huzungushia banda maturubali kwa hofu ya mvua ya masika na kuyasahau hadi Disemba. Yafungue.

Mayai yanapungua polepole, wiki baada ya wiki

Hapa kuna mambo manne, na umri ndio unaosahaulika. Ukiwa umewanunua kuku sokoni kwa maneno ya «ndiyo wanaanza kutaga», huenda wamekwisha kutaga mwaka mzima kwa mtu mwingine.

La pili ni mwanga. Mombasa mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, na kuku wa kisasa hutaga vizuri zaidi akipata saa 14 hadi 16. Si lazima, ila ukitaka kuongeza, washa balbu ndogo ya wati 5 au 7 alfajiri kabla hakujapambazuka. Ongeza nusu saa kila wiki mpaka iwe inawaka tangu saa kumi alfajiri, usiruke. Taa ya alfajiri ni bora kuliko ya jioni, kwa sababu ya jioni ikizimwa ghafla huwakuta kuku chini na wanashindwa kuona fito. Usianze kabla tembe hawajatimiza wiki 18, na ukianza usiwe unaacha na kurudia.

La tatu ni minyoo. Kuku anakula sana, kidari kimechongoka kama kisu, kilemba cha kichwani kimepauka. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu inatosha kwa wanaotembea uani. Soma karatasi ya dawa uone mayai yasiliwe kwa siku ngapi, halafu hesabu hizo siku kweli.

La nne ni chakula, nalo lina sehemu yake.

Chakula: kiasi, ukungu na mapishi ya uani

Kuku mmoja anahitaji gramu 110 hadi 120 kwa siku, yaani kilo 2.2 hadi 2.4 kwa wote. Gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, haitoi jibu la uzani, kwa maana mashi, yaani chakula cha unga cha dukani, ni nyepesi kuliko mahindi. Ipeleke mara moja dukani kwenye mizani, ujue inabeba gramu ngapi za chakula unachotumia, kisha utie alama ya kucha ndani ya mkebe.

Gunia la kilo 70 la leyasi mashi (mashi ya kuku wanaotaga) litawachukua kuku 20 karibu siku 29 hadi 32. Katika unyevu wa huku siku hizo ni nyingi mno. Nunua kidogo kidogo, cha wiki mbili, hata kama bei ya kilo inapanda shilingi kadhaa. Gunia likae juu ya mbao, sentimita 15 kutoka sakafuni na mbali na ukuta. Ukuta wa mawe ya pwani huvuta unyevu, na upande wa gunia unaougusa ndio unaoanza kushikana mabonge. Bonge lenye ukungu halitengenezwi kwa kuanikwa juani. Sumu ya kuvu hubaki hata ukungu ukikauka. Mwaga, tena mahali ambapo mbuzi wa jirani hafiki.

Mabaki ya jikoni yana mipaka. Chicha la nazi kuku wanalipenda mno, lakini ni mafuta na nyuzi, protini yake ndogo, na joto la huku hulichachusha siku hiyo hiyo. Konzi mbili kwa kuku wote, likiwa bichi, basi. Pilau na mahamri ya jana ni wanga na chumvi, vinajaza tumbo na kumfanya kuku asile mashi. Kuku mnene hutaga vibaya, na hushikwa na yai, yaani yai humkwama ndani. Mboga za majani waachie watakavyo, zifunge kishada na kuning'iniza usawa wa vichwa vyao.

Dagaa wana faida, na wana hila mbili. Walioanikwa mchangani hubeba mchanga unaoulipia kwa uzani, na waliotiwa chumvi hurudisha tatizo la maganda kwa mlango wa nyuma. Waoshe, ukaushe, usage, na usizidishe sehemu moja kwa ishirini ya chakula. Ukizidisha, mayai ya kahawia yananuka samaki, kwa sababu baadhi ya kuku wa kahawia hawawezi kuivunja ile harufu mwilini. Mteja akikwambia mayai yako yana shombo, amesema kweli. Ondoa dagaa wiki mbili na harufu itaondoka.

Na kama umewapa tembe wa miezi mitatu chakula cha kutagia ili «waanze haraka», umewaharibia figo kwa kalsiamu. Wape cha kukuzia mpaka wiki 17 au 18, au utakapoona yai la kwanza.

Mayai yanatoweka

Mwizi hutambulikana kwa alichoacha. Kunguru hutoboa tundu na mara nyingi huondoka na yai mdomoni, maganda utayakuta nje ya ua au chini ya mwembe. Kenge na nyoka humeza zima, hawaachi kitu. Nguchiro huvunja na kulamba, anaacha maganda yametawanyika. Panya huburuta, nawe utaona njia iliyosafishwa kuelekea kwenye tundu la ukuta. Kuku mlaji wa mayai huacha maranda yamelowa kiini, na ukimkamata utamkuta na njano kavu pembeni mwa mdomo.

Kunguru wa Mombasa hajifichi, anasubiri kuku aite kwamba ametaga, halafu anashuka. Mdomo wa kiota uutazamishe ukutani, si nje, na wavu wa banda usiwe na matundu yanayozidi sentimita 2.5. Chini, fukia wavu sentimita 30 ardhini kwa ajili ya kenge na panya. Mayai mengi hutagwa ndani ya saa tano sita tangu kuche, kwa hivyo okota saa nne, tena saa nane.

Mlaji wa mayai hutokana na yai lililovunjika lenyewe, ndiyo maana tatizo hili huja nyuma ya maganda mepesi. Viota vinne vya sentimita 30 kwa 30, kina 35, vyenye giza na nyasi kavu za kutosha, huzuia mengi. Mlaji aliyezoea mtenge mapema. Akikaa wiki mbili, huwa na wanafunzi.

Kumbuka pia kuku anayetembea uani hujitafutia kiota chake. Mfungie ndani hadi saa tano asubuhi kwa siku nne tano, uone kama mayai «yanarudi».

Wanadonoana mpaka damu

Ni msongamano, joto na mwanga mkali, mara nyingi vyote pamoja, na wakati mwingine upungufu wa protini. Kuku 20 katika mita 6 za mraba wana nafasi ya kutosha. Wakiwa 35 mle mle, watakulana. Jua linalopiga ndani ya kiota humwonyesha jirani nyama nyekundu ya kuku anapomaliza kutaga, na hapo ndipo donoa ya kwanza inapoanzia. Mtenge aliyejeruhiwa, mpake dawa ya zambarau inayoficha wekundu, na asirudi mpaka apone. Kumrudisha mapema ni kumpeleka kwenye kisu.

Kilemba kimejaa vidoa vyeusi, au kuku hawataki kuingia bandani

Vidoa vidogo vyeusi visivyobanduka, machoni na kwenye kilemba, ni viroboto vinavyojichomeka. Vipake mafuta ya mgando mazito, vitakosa pumzi na kuanguka. Usipake mafuta ya taa, yanachoma ngozi na macho. Mayai ya viroboto hivi yako mchangani na kwenye maranda, kwa hivyo bila kufagia na kuchoma takataka utapaka kila wiki.

Kuku wanaong'ang'ania kulala mtini, ilhali zamani waliingia wenyewe, wanakimbia utitiri au papasi. Wadudu hawa hunyonya usiku na mchana hujificha kwenye nyufa za boriti na mikunjo ya makuti. Ukiangalia kuku mchana humwoni mdudu. Ingia saa tatu usiku na kurunzi, pitisha kitambaa cheupe chini ya fito. Kikitoka na madoa ya damu, umewapata. Ondoa fito, mwagia maji yanayochemka, puliza nyufa kwa dawa iliyoandikwa kuwa ni ya mabanda ya kuku, rudia baada ya siku saba kwa ajili ya walioanguliwa. Weka pia beseni la majivu na mchanga mkavu wajipukutie.

Harufu kali, macho mekundu, mayai machafu

Chukua konzi ya maranda uibane. Ikibaki donge, yamelowa. Ikiachana taratibu, iko sawa. Ikitimka vumbi, yamekauka mno. Maranda yaliyolowa hutoa amonia, na ukiisikia puani ukiwa umesimama, kuku aliye chini ameshaathirika. Tafuta chanzo kabla ya kubadilisha: chombo cha maji kinachovuja, paa, au kinyesi cha majimaji kilicholetwa na maji ya chumvi. Vyombo vya maji viweke juu ya kichanja cha wavu, midomo usawa wa mgongo wa kuku. Maranda mapya yawe sentimita 8 hadi 10. Vumbi laini la mbao siyo maranda, linawaingia mapafuni.

Uvimbe usoni, vigaga, chafya

Vigaga vikavu kwenye kilemba na pembezoni mwa mdomo, hasa mvua zikianza na mbu wakijaa, ni ndui ya kuku. Hakuna dawa ya virusi vyenyewe. Paka ayodini, walio wazima wachanjwe haraka kwenye ngozi ya bawa. Mwaka unaofuata chanja kabla ya masika. Uso uliovimba, makamasi yanayonuka na jicho lililofungwa ni koraiza. Hiyo daktari wa mifugo ana antibayotiki yake, ila waliopona hubaki wabebaji, usiwachanganye na wapya.

Wanakufa: kideri

Kinyesi cha kijani, shingo kupinda, kukoroma, wawili leo na watano kesho. Usipoteze saa kwa majani wala vidonge. Kideri hakina tiba. Funga banda, usiuze kuku wala kuwachinja kwa ajili ya jirani, mwite daktari wa mifugo wa serikali au wa karibu athibitishe, kwa kuwa magonjwa mengine mazito huanza vivyo hivyo. Mizoga ichomwe, au ifukiwe mita moja chini pamoja na chokaa, mbali na kisima. Ardhi yetu inapitisha maji kirahisi.

Kinga ndiyo kazi yote. Baada ya chanjo za utotoni, rudia ya kideri kabla ya kuanza kutaga, kisha kila miezi mitatu. Inayotiwa majini hufa kwa klorini ya maji ya bomba, kwa hivyo yaache maji wazi usiku kucha, au yakoroge na maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita. Chanjo ije kwenye barafu tangu dukani hadi nyumbani. Wanyime kuku maji kwa muda wa saa moja au mbili asubuhi na mapema, kabla jua halijakali, halafu wape chanjo kwa kiasi watakachomaliza ndani ya saa mbili. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wako, na ikishakorogwa hailali. Patana na majirani mchanje siku moja, maana banda lisilochanjwa ng'ambo ya ukuta ni hatari kwa lako.

Kuku aliyenunuliwa soko la Kongowea, au aliyeletwa zawadi ya sikukuu, akae peke yake siku 14 za kwanza. Na trei za karatasi zinazozunguka kutoka duka hadi duka usiziingize bandani. Tumia za plastiki, uzioshe.

Ni mmoja tu asiyetaga

Mshike usiku, ndipo ametulia. Pima mifupa miwili ya nyonga chini ya mkia. Vidole viwili hadi vitatu vikipita kati yake, anataga. Kikipita kimoja kwa shida, hatagi. Tundu la kutagia la mtagaji ni pana na lenye unyevu, la asiyetaga ni dogo, limekauka na lina njano. Akiwa ana joto tumboni, amekaza kwenye kiota na anavimba ukimkaribia, anataka kuatamia. Mweke kwenye kizimba chenye sakafu ya wavu, penye upepo, bila nyasi, siku tatu au nne na hamu itamtoka.

Akichuchumaa kama pengwini, akisukuma bila kitu kutoka, ameshikwa na yai. Mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 20, paka mafuta kidogo, umwache gizani. Usilibonyeze yai, likivunjika ndani humuua.

Aliyepita miaka miwili na nusu, nyonga zimefunga na kilemba kimesinyaa, usimnunulie tena leyasi mashi. Nyama yake ni ngumu. Mpake papai bichi lililokunwa tangu usiku, na uanze kumchemsha mapema kabla ya kuingiza nazi.